Kichanga mwenye taya dogo: maneno machache kwa muuguzi mgeni wodini

Ukimpokea kichanga mwenye hali ya Pierre Robin, jicho litavutwa na kidevu kilichorudi nyuma. Achana na kidevu, tazama kifua. Taya la chini likiwa dogo, ulimi hukosa nafasi, ukaanguka nyuma na kuziba koo. Mara nyingi kaakaa nalo limepasuka, maana tangu mimba changa ulimi ulibaki juu ukazizuia pande zake mbili zisikutane.

Usimpime akiwa analia. Anayelia amefungua mdomo na misuli imekaza, utamwona mzima kabisa. Mtazame akiwa usingizini, hasa akilala chali. Mkoromo ni dalili, lakini ukiona kifua kinapanda na mbavu zinaingia ndani bila sauti yoyote, hapo hewa haipiti kabisa.

Mlaze kifudifudi ili ulimi uanguke mbele. Wengi hupata nafuu kwa hilo tu, ila wakiwa chini ya uangalizi wa mashine; nyumbani watoto hulazwa chali, kwa hiyo mama asiruhusiwe kuondoka na mtindo huo bila mpango wa daktari.

Wageni wengi hukimbilia oksijeni. Oksijeni haifungui njia iliyozibwa na ulimi. Namba ya oksijeni kwenye mashine itapanda, wote mtatulia, huku kabonidioksaidi ikirundikana na mtoto akichoka. Kifudifudi kikishindwa, mwite daktari mapema: huenda mtoto akahitaji mpira laini unaopita puani hadi nyuma ya ulimi. Na mtaalamu wa dawa za usingizi ajulishwe kabla ya dharura, kwa sababu kumwekea mtoto huyu mpira wa kupumulia kooni ni kazi ngumu hata kwa wazoefu.

Kulisha ndiko kunakochosha zaidi, na binafsi naona ndiko tunakokosea kuharakisha. Mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta maziwa. Atahangaika na titi na kumeza hewa tupu. Maziwa yakamuliwe, apewe kwa chupa laini ya kubonyeza, ukifuata pumzi yake. Akipaliwa, akibadilika rangi, simama. Mlo ukipita dakika 30, anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata. Kinachobaki kipitishwe kwa mpira wa kulishia. Mwanzoni kabisa uzito hushuka kidogo, kisha kichanga hutarajiwa kuongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku. Asipoongeza, usiulize kwanza habari za maziwa. Uliza anapumuaje usiku.

Mama atakuuliza alikosea wapi. Mjibu waziwazi kwamba hakuna alichokula wala kufanya kilicholeta hali hii, kisha mfundishe kumshika.

Baadhi ya watoto hawa wana ugonjwa wa Stickler, unaoweza kuharibu macho, na wenye kaakaa wazi hupata maji masikioni mara kwa mara. Kipimo cha macho na masikio kiandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa, pamoja na tarehe.