Makosa ya utotoni na duka la bunduki Marekani

Mwanangu ana miaka 19. Akiwa na 15 alifikishwa mahakama ya watoto kwa kupigana shuleni. Faili si siri? Akienda kununua bunduki litaonekana? (Mama, Kentucky)

Siri ipo, mama, ila ina milango. Mei 2022 kijana wa miaka 18 aliua watoto 19 na walimu wawili huko Uvalde, Texas, kwa bunduki aliyoinunua kihalali. Mwezi uliofuata Rais Biden alitia saini sheria mpya. Mnunuzi akiwa chini ya miaka 21, wanaohakiki historia yake kabla ya kuuziwa hawaishii kwenye kompyuta za FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Wanapiga hodi kwenye ofisi ya jimbo yenye kumbukumbu za jinai au za mahakama ya watoto, kwa watunza taarifa za afya ya akili, na kwa polisi wa anakoishi. Mwenye duka halioni faili. Huambiwa tu auze, asubiri au akatae.

Lakini kuonekana si kukatazwa, na hapa wengi huchanganya. Kwa sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, uamuzi wa mahakama ya watoto kwa kawaida hauhesabiwi kuwa hatia ya mtu mzima. Majimbo yana yao: California, kwa baadhi ya makosa ya utotoni, humnyima mtu bunduki mpaka afike miaka 30. Muulizeni wakili wa jimbo lenu kabla kijana hajajaza fomu.

Atasubiri muda gani?

Siku 3 za kazi. Likijitokeza jambo la kuchunguza, hadi 10. Zikiisha kimya, sheria ya shirikisho haimzuii muuzaji kumkabidhi silaha. Mimi naona hilo ni pengo.

Jimbo linalazimika kujibu?

Halilazimiki. FBI inaomba, haiamuru, na baadhi ya majimbo yamezifunga kumbukumbu za watoto kwa sheria zao. Faili lililofutwa kabisa, hakuna cha kutoa. Kwa hiyo vijana wawili wenye kosa lilelile, mmoja jimbo hili na mwingine jimbo jirani ng'ambo ya mto, wanaweza kupata majibu tofauti.

Mdogo wangu ana miaka 20, amenipa pesa nimnunulie mimi ili asisumbuliwe. Kuna ubaya?

Mrudishie pesa zake leo, kaka. Fomu 4473, ile ya kujaza dukani unaponunua bunduki, inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukidanganya, kifungo ni hadi miaka 10. Na kama unajua mdogo wako amekatazwa silaha, ni hadi 15.