Lenzi Nzito Uwanjani: Mkononi au Juu ya Monopodi?

Msomaji mmoja wa Kakamega ameniandikia akiomba ushauri. Amenunua lenzi ya mtumba, Canon EF 400mm f/2.8, lile toleo lake la kwanza kuwa na kituliza mtikisiko. Wenzake wa pembeni mwa uwanja wamemwambia monopodi, ile fimbo ya mguu mmoja ya kuegemezea kamera, ni fimbo ya wazee, na kwamba mpiga picha kamili hushika lenzi mkononi. Anauliza amsikilize nani.

Kejeli hiyo imezunguka viwanja vyetu kutoka Afraha hadi Bukhungu na inanikera, kwa sababu imewaharibia kazi vijana wenye jicho zuri. Wanapiga picha safi kipindi cha kwanza, na kufikia dakika ya sitini mikono imekwisha. Bao la ushindi linapofungwa lenzi inaangalia nyasi.

Tuanze na mizani. Lenzi ya ndugu yetu ina kilo 5.37. Toleo lililofuata lilishuka hadi kilo 3.85, na la tatu, la mwaka 2018, likafika kilo 2.84. Ifungie bodi, yaani kamera yenyewe, kama Canon 1D X Mark II, kilo 1.53 pamoja na betri, na sasa anainua karibu kilo saba mbele ya uso wake. Yule anayemcheka huenda ameshika Sigma 150-600mm Contemporary yenye kilo 1.93. Hawa wawili hawafanyi kazi moja, na ushauri wa mmoja haumfai mwenzake.

Wengi hudhani monopodi ipo ili kuzuia picha isitikisike. Kwa michezo, hiyo ni sababu ndogo sana. Raga na soka hupigwa kwa kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde kwenda juu. Mimi naanzia 1/1600 kwa raga. Kwa kasi hiyo mtetemo wa mkono hauonekani sana hata kwenye 400mm. Na ukishuka hadi 1/250 kwa sababu jua linazama saa kumi na mbili na nusu, monopodi itaituliza kamera lakini haitamtuliza mchezaji: mguu wake utatoka umefifia vilevile. Giza linatibiwa kwa f/2.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, na kwa kupandisha ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au 6400. Fimbo haiongezi mwanga.

Kazi yake ni kubeba uzito wakati wa kusubiri. Mechi ni kusubiri. Fikiria lainauti, ule mrusho wa raga kutoka pembeni, pale uwanja wa maonyesho wa Kakamega: wachezaji wanajipanga, mrushaji anapangusa mpira, refa anawasogeza, kisha mrukaji anainuliwa kwa muda mfupi sana. Aliyeshika mkononi ameshusha lenzi kifuani apumzike. Anapoiinua tena, jicho linatafuta kitundu cha kutazamia, alama ya fokasi inaangukia mtu wa nyuma, na fremu ya kwanza iliyo kali inamkuta mrukaji akiwa tayari anashuka. Aliye kwenye monopodi hakuondoa jicho. Tofauti yao haimo kwenye mtikisiko hata kidogo. Imo kwenye kuwa tayari.

Kwa hiyo pima uzito pamoja na muda. Lenzi na bodi vikiwa chini ya kilo tatu, mfano 70-200mm f/2.8, shika mkononi bila wasiwasi mechi nzima. Kati ya kilo tatu na nne, kama Nikon 200-500mm f/5.6 ambayo peke yake ina kilo 2.3, angalia mchezo. Raga ya wachezaji saba ni dakika kumi na nne tu na mapumziko yake, kwa hiyo mechi moja utaiweza. Lakini siku nzima ya mashindano ya raga ya Prinsloo pale Nakuru Athletic, mechi baada ya mechi tangu asubuhi, ni habari nyingine, na siku mbili mfululizo ndizo zinazovunja mabega. Ukizidi kilo nne, chukua monopodi na usiombe radhi kwa mtu.

Kushika mkononi nako kuna ufundi, na wanaojisifu nao wengi hawaujui. Zungusha kola ya lenzi, ile pete inayoizunguka yenye mguu wa kufungia, ili mguu wake uangalie juu, usikuchome kiganjani. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi mahali inaposawazika, ambapo kwa lenzi kubwa ni mbele zaidi ya unavyodhani. Kiwiko cha kushoto kiegemee mbavu. Mkono wa kulia usibebe chochote, ubonyeze tu. Ukianza kubeba kwa mkono wa kulia, kidole cha shata kinakakamaa na unachelewa. Piga mfululizo mfupi kisha shusha. Ukiweza, kaa chini na uegemeze kiwiko juu ya goti.

Sasa monopodi yenyewe, maana hapa ndipo makosa yamejaa.

Kabla ya kununua, ifungue yote, funga kufuli zake, kisha ikandamize kutoka juu kwa mikono miwili na uzito wa kifua chako. Ikiteleza hata sentimita moja, iache dukani. Fimbo nyembamba zinazouzwa pamoja na kamera ndogo hukwama hapo. Zile zenye miguu mitatu midogo chini zimetengenezwa kwa video. Kwa michezo kile kiungo cha chini hulegalega na huwezi kuiinamisha upendavyo. Tafuta ambayo imeandikwa inabeba angalau mara mbili ya uzito wa lenzi na bodi yako.

Funga monopodi kwenye mguu wa kola ya lenzi, kamwe si kwenye bodi ya kamera. Ukifunga kwenye bodi, kilo tano zote zinaning'inia mbele ya pete ya chuma inayounganisha lenzi na kamera, na pete hiyo haikuumbwa kubeba hivyo. Mguu wa lenzi kubwa kwa kawaida huwa na matundu mawili ya skrubu, la robo inchi na la inchi 3/8. Tumia la 3/8. Usiweke kichwa cha tufe (ball head), kile kinachoinama pande zote, kati yake, kwa sababu kikilegea lenzi inaanguka upande na kukubana vidole. Skrubu moja kwa moja inatosha ukiwa chini uwanjani. Ukipiga kutoka juu jukwaani, kwa mfano Moi Stadium Kisumu, hapo kichwa kinachoinama mbele na nyuma pekee kina maana, kwani bila hicho utalazimika kulaza fimbo yote ili lenzi itazame chini.

Skrubu hiyo hulegea. Kila unapozungusha kamera kufuata mchezo, unaifungua kidogo kidogo bila kujua. Chora mstari mmoja wa rangi ya kucha unaopita kutoka kwenye mguu wa lenzi hadi kwenye kichwa cha monopodi. Wakati wa mapumziko tazama mstari: ukiwa umekatika, kaza. Na fungia mkanda wa lenzi shingoni au begani hata kama uzito uko chini. Mkanda huo ndio bima yako siku skrubu itakapokusaliti.

Kitasa cha kola kilegezwe kiasi tu cha lenzi kuzunguka ukiisukuma. Hivyo utapiga kwa upana mchezo ukiwa katikati, na kuisimamisha kamera wima mtu anaporuka, bila kugusa monopodi. Zoea kukipata kitasa kwa kidole gumba cha kushoto ukiwa umefumba jicho.

Urefu wa fimbo nauona ukikosewa kila wikendi. Watu huifungua iwafikie machoni wakisimama wima, kisha wanainama mechi nzima. Ifungue kidogo zaidi ya hapo, halafu chomeka ncha yake hatua nusu mbele yako, miguu yako miwili ikiwa nyuma imeachana. Fimbo inakuegemea nawe unaiegemea. Ukisimama nayo wima kama mlingoti wa bendera itayumba kushoto na kulia, na utalaumu lenzi. Mkono wa kushoto uwe juu ya lenzi ukiikandamiza chini kidogo, nyusi iguse kamera. Kufuata mchezaji, zungusha kiuno, si mikono.

Bora zaidi, usisimame kabisa. Piga goti moja au kaa kwenye kistuli, fimbo ikiwa karibu mita moja au chini yake. Mchezaji wa raga hukimbia akiwa ameinamisha kichwa. Ukiwa juu unapata utosi, ukiwa chini unapata macho. Tena ubao wa matangazo na magari yaliyoegeshwa nyuma ya goli hupungua kwenye picha. Nimebandika vipande viwili vya utepe kwenye fimbo yangu, kimoja cha kupiga goti na kingine cha kusimama, ili nisipime kila mara.

Kituliza mtikisiko kikiwa juu ya monopodi, kiweke modi ya 2, ile ya kufuata kitu kinachopita, kwenye Canon, au Sport kwenye lenzi za Nikon zenye modi hiyo. Modi ya 1 hupigana nawe unapofuata mchezaji kwa upande. Ukishapita 1/1000 unaweza hata kukizima, na kwenye lenzi nyingi za zamani fremu haitarukaruka machoni pako.

Jambo moja halitatibiwa na fimbo wala mkono: mvuke wa joto. Saa sita hadi saa tisa Kisumu, ardhi ikiwa imepata moto, hewa juu ya uwanja hucheza na picha za mtu aliye mbali hutoka laini kana kwamba zimepakwa mafuta. Watu hubadilisha lenzi, hurekebisha fokasi, hulaani monopodi. Tatizo ni umbali. Subiri mchezo uje upande wako, jaza fremu, na achana na tukio la goli la mbali mpaka jua lipoe. Upepo wa ziwa nao huanza alasiri. Kofia ya lenzi ya 400mm f/2.8, lile bomba la mbele la kukinga jua, inaukamata vizuri sana. Kaa upepo ukiwa mgongoni, au vua kofia kama jua halikupigi usoni.

Kuna mahali monopodi inabaki ndani ya gari. Kwenye mchezo wa mafahali kule Khayega, Shinyalu au Ikolomani, fahali aliyeshindwa hukimbia popote na umati hukimbia mbele yake. Hapo chukua 70-200mm mkononi, simama karibu na njia ya kutokea, na usifungiwe na fimbo yoyote miguuni. Safari Rally ya Naivasha iko katikati. Kwenye kona unayoijua, ambapo gari litapita mbele yako na umekaa saa nzima ukisubiri, monopodi inakuwezesha kupiga kwa 1/125 ukifuata gari bila mstari wa upeo kupinda. Lakini ukiwa sehemu ambayo gari linaweza kutoka barabarani, au unapohama kichaka hadi kichaka, shika mkononi. Uhai kwanza, na hili nalisema kwa uzito wote. Hata kwenye raga, kaa mita kadhaa nje ya mstari. Ukiona wachezaji wanakuja, inuka na fimbo yako mkononi. Usiiache imesimama njiani mwa mtu.

Soka ikiingia ndani ya boksi, 400mm inakuwa ndefu mno kwako uliyekaa nyuma ya goli. Bodi ya pili yenye lenzi fupi iwe begani. Laza monopodi kwenye kunja ya kiwiko cha kushoto, lenzi ikiegemea bega, kisha inua ya pili kwa mkono wa kulia. Usiiegemeze kwenye uzio. Mtoto wa kuokota mipira atapita hapo, kila mara.

Mwisho, matope. Mvua ikinyesha kwenye udongo mwekundu wa Kakamega, wengi hufunga kabisa kile kipande chembamba cha chini, na hivyo kufuli lake linakaa ndani ya tope. Kifungue sentimita kumi ili kufuli libaki juu. Vumbi la Naivasha ni baya kuliko tope kwa sababu huingia kavu na hulioni. Ukirudi nyumbani usifunge fimbo ikiwa chafu: futa kila kipande kwa kitambaa chenye maji, fungua kufuli za kuzungusha, osha nyuzi zake kwa mswaki wa zamani, acha zikauke usiku kucha zikiwa zimeachana. Usipake grisi kwenye nyuzi wala mahali kufuli linapobana; itashika mchanga, na fimbo itaanza kuteleza ukiwa na kilo saba juu yake.