Maswali ya Wasomaji: Mbona Ukuta Hauonekani Kwenye Dansi Hii?

SWALI: Shikamoo Bibi. Sisi ni vijana wa kikundi cha sanaa hapa Michenzani, Unguja. Mwalimu wetu alituonyesha filamu ya dansi ya Sasha Waltz, mtunzi wa dansi wa Kijerumani, inayoitwa "Allee der Kosmonauten" (Barabara ya Wanaanga), akatuambia imetokana na kumbukumbu za watu wa Berlin, jiji lililogawanywa kwa ukuta. Tumeitazama mpaka mwisho, tukaona ukoo mzima unagombania kochi. Ukuta uko wapi? Tunauliza kwa sababu na sisi tunataka kutunga dansi ya majumba yetu haya. Tulipanga tuanze na hotuba, bendera na gwaride.

JIBU: Marahaba wanangu. Marzahn, mtaa uliozaa dansi ile, uko mbali na pale ulipopita ukuta, upande wa mashariki kabisa. Ukuta ulianza kujengwa usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961 na ukafunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Dansi ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1996, wakati sehemu kubwa ya ukuta imeshavunjwa. Waltz alizaliwa Karlsruhe, Ujerumani Magharibi, mwaka 1963, hakukulia maisha ya Mashariki. Kwa hiyo alikwenda kwa wakazi wa Marzahn akawahoji. Jina la dansi ni la barabara inayopita mtaani hapo, iliyoitwa hivyo kwa heshima ya wanaanga wawili walioruka pamoja mwaka 1978, Mrusi Bykowski na Sigmund Jähn, Mjerumani wa kwanza kufika anga za juu. Barabara ina jina la mbinguni, na watu wake wanabanana kwenye kochi moja! Hapo tayari pana dansi.

Sasa tulieni niwaambie kwa nini kochi. Nilisoma Berlin Mashariki miaka ya 1980, na nilialikwa mara nyingi kwenye fleti za namna ile. Kuta zake ni vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, vikaletwa kwa lori na kupandishwa kwa winchi. Fleti ya ghorofa ya tatu na ya ghorofa ya tisa ni pacha. Kabati lina sehemu moja tu linapoweza kukaa, kochi nalo hivyo hivyo. Jioni, jengo zima limekaa limeelekea upande mmoja, ghorofa juu ya ghorofa, na hakuna aliyewaamrisha. Jiko ni jembamba, na baina yake na sebule pana kidirisha cha kupitishia vyombo. Mama mwenye nyumba akiwa jikoni, sisi tuliokaa mezani tulimwona mkono tu: sahani inatoka, mkono unasubiri mtu aipokee, kisha unarudi ndani. Uso wake tuliuona chakula kimekwisha.

Mkono ule ningeupeleka jukwaani kabla ya ukuta wowote wa maboksi uliopakwa rangi. Serikali iliyojenga zile nyumba ilikuwa mwilini mwa watu, kwenye namna wanavyopishana ukumbini na nani anainua goti ili nani apite. Na msidhani watu walizichukia. Aliyepewa fleti Marzahn alipata maji ya moto, nyumba yenye joto wakati wa baridi na choo chake mwenyewe, baada ya kuishi kwenye majengo ya zamani ambako choo kilikuwa cha kuchangia ngazini. Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990 wageni wakaja kuzicheka nyumba hizo mbele ya wenyewe. Furaha ya kupewa na uchungu wa kuchekwa vimekaa kwenye kochi moja. Hotuba ina upande mmoja tu, haiwezi kubeba vyote viwili.

Nyie hamko mbali na habari hii. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Ujerumani Mashariki ilisaidia kujenga majumba ya Kikwajuni, na wataalamu wake ndio waliochora ramani ya Michenzani mnayoishi. Basi wekeni bendera pembeni, nendeni kwa wazee. Msiwaulize walijisikiaje, watawapa majibu ya redioni. Waombeni waonyeshe. Bibi aliyetoka nyumba ya udongo yenye baraza, akapewa fleti ya juu: jioni ya kwanza alikaa wapi? Aliita watoto waliokuwa chini kwa sauti gani, akiwa ameshika nini? Maji yakikatika, ndoo ilipandaje ngazi, na palipokuwa na kona ilibadilishwa mkono au ilitua? Azimeni miili yao. Mkishapata vitendo kama hivyo vya kutosha, mtaona wenyewe kipi kinakaa karibu na kipi.

Ningewajibu vingine kama mngekuwa watu wa Bernauer Straße, barabara ya Berlin iliyopitiwa na ukuta. Hapo nyumba zilikuwa Mashariki, na njia ya miguu mbele ya mlango ilikuwa Magharibi. Mwaka 1961 watu waliruka madirishani kuvuka, mpaka madirisha yakazibwa kwa matofali. Ndugu walipanda ngazi wapungiane vitambaa. Kwao ukuta wenyewe ndio uliosogeza mikono na miguu, na dansi yao ingeanzia dirishani.

SWALI: Naomba kujua, kazi kama hii ya Waltz inahesabiwa dansi au mchezo wa kuigiza? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Vyote viwili, na Wajerumani wana historia ndefu nayo. Kurt Jooss alitunga "Der grüne Tisch" (Meza ya Kijani) mwaka 1932, dansi ya wanasiasa mezani na vita wanavyovianzisha. Mwanafunzi wake Pina Bausch alikabidhiwa kundi la dansi la mji wa Wuppertal mwaka 1973, akawa anawauliza wachezaji maswali mazoezini na kutunga kutokana na majibu yao. Hadithi yenye mwanzo na mwisho si lazima.

SWALI: Habari za kazi, mama. Mimi Mtanzania niishiye Berlin. Binti yangu wa miaka 16 amepangiwa shuleni kucheza dansi ya kumbukumbu za ukuta. Hajauona ukuta, na wazazi wake hatutoki huku. Anasema atakuwa anadanganya. Nimwache ajitoe?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Asijitoe. Bausch alitunga "Kontakthof" mwaka 1978 kwa wachezaji wake. Mwaka 2000 akaikabidhi kwa wazee wa zaidi ya miaka 65, na mwaka 2008 kwa vijana wa rika la binti yako. Hatua zilikuwa zile zile na kila mwili ulileta vyake, hakuna aliyeitwa mwongo. Uongo ungekuwa kujitia kulia machozi ya mwingine. Kujifunza kitendo cha mwingine ni heshima.

Pandeni naye treni ya chini ya ardhi ya U8 kutoka Voltastraße hadi Moritzplatz. Vituo sita vya katikati vilifungwa enzi za ukuta, kwa sababu treni ya Magharibi ilikuwa inapita chini ya Mashariki. Ilipunguza mwendo bila kusimama, na walinzi walikuwa gizani wakiitazama. Siku hizi milango inafunguka kote. Mwambie asimame karibu na mlango, na kwenye vituo hivyo sita asisogee hata hatua moja, watu wakimpita wakiingia na kutoka. Mkishuka Moritzplatz, muulize kama ni mguu au bega lililotaka kutoka kwanza. Jibu hilo alipeleke kwa mwalimu wake, aombe aanzie hapo.