Jibu: nyoka wa majani anakamataka je chura na samaki?

Ndugu mwenye uliuliza kama nyoka wa majani anaua chura na sumu ao anamukaba kama chatu, apana, anamumeza tu, chura akiwa angali muzima.

Minasema vile juu niliona. Nilikomalia Bukavu, pembeni ya ziwa Kivu, siku moja yaya alinituma kuchota maji, nikasikia mu matete sauti kama ya katoto kanalia, kumbe ni chura, nyoka mwembamba wa kijani amemushika muguu wa nyuma. Chura akajijaza hewa akawa kama mupira, nikasema huyu hapiti, lakini nyoka hakuwa na haraka, taya ya kuume inasogea mbele, kisha ya kushoto, tena ya kuume, na meno yake yamepinda kuangalia nyuma kwa hiyo chura akijivuta anazidi kunasa. Ndoo nilisahau kabisa.

Shemeji yangu iko Ubelgiji, alinituma video ya nyoka wa majani wa kwao, mwenye kola ya manjano na nyeusi ku shingo. Ule njo anajua maji! Anaogelea kichwa juu, anapiga mbizi, viluwiluwi na tusamaki anameza humo humo, lakini samaki akiwa mukubwa anamubeba mu kinywa mpaka kando, juu mu maji samaki anateleza na hakuna pa kumukandamiza. Ku inchi kavu anatembeza ulimi, anautoa anaurudisha, ule ulimi njo unakusanya harufu na yeye anaifuata. Chura akituliaka kimya anaweza pona, akiruka tu jicho limemuona.

Sasa musianze kushika kila nyoka wa kijani eti hana sumu! Huku Kivu kuko na kifutu wa kijani wa mu matete, kichwa kipana, magamba ya kukwaruza, ule hafukuzi kitu, anajificha anangojea, na sumu iko nayo kweli. Kama hujui, acha apite.

Yule wangu basi, mujomba alitokea na panga. Nyoka akiogopa anatapika chakula ili apate kukimbia, na njo alifanya, akamutema chura akaingia mu maji kama mushale. Chura alibakia pale, ute mwili muzima, akikodoa macho, sisi wawili tunamuangalia.