Jibu: Muda wa saa tano Bristol, nianzie wapi?

Habari ndugu. Umesema una muda wa saa tano tu Bristol, Uingereza, na hujui uanze bandarini au daraja la Clifton. Anza bandarini.

Kwanza hakikisha meli ya kale ya chuma, SS Great Britain, inapokea wageni siku hiyo. Ilishushwa majini hapo hapo mwaka 1843, ikarudishwa ikiwa hoi 1970. Shuka chini ya kioo kinachoizunguka meli, chenye maji juu yake, utazame mabamba ya chuma yalivyoliwa na kutu hadi yakatoboka. Mimi nilishindwa kuondoka.

Kisha vuka daraja la Pero, lile lenye pembe mbili kubwa. Limepewa jina la Pero, aliyekuwa mtumwa, akaletwa kutoka kisiwa cha Nevis, Karibiani, na bwana wake John Pinney. Tafadhali usilipite kwa kupiga picha tu.

Clifton ni mlimani, panda basi.