“All in” ya meneja na “all in” ya mzee wa Barafu

Muuliza swali ameeleza kwamba meneja wake, ambaye ni Mmarekani, hufunga kila kikao kwa kuwauliza wafanyakazi kama wako “all in”, nao huitikia kwa sauti moja bila kuwa na hakika wamekubali nini. Anataka kujua usemi huo hutumiwaje katika mazungumzo ya kila siku, na kama “tuko pamoja” inatosha kuwa tafsiri yake. Mimi si mwalimu wa lugha. Nimeongoza wageni katika Mlima Kilimanjaro kwa miaka kumi na minne, na sehemu kubwa ya Kiingereza changu nimeiokota njiani, kati ya lango la Machame na kilele. Usemi huu, hata hivyo, nilifundishwa na kosa langu mwenyewe, na sijausahau.

Nilikuwa mwongozaji msaidizi, leseni yangu haijatimiza hata miezi mitatu, tulipopokea familia moja yenye mzee wa Kiingereza aliyekaribia miaka sabini na mkwe wake Mmarekani. Siku ya kwanza, kiongozi wetu alipokwisha kueleza ugumu wa usiku wa kupanda kileleni, yule mkwe alipiga paja akasema, “We're all in!” Nikamwuliza maana yake, akanieleza kwamba wamejitoa kabisa na hawarudi nyuma. Nikaliweka neno hilo akilini kama mtu aliyeokota noti barabarani.

Siku ya nne jioni tulifika kambi ya Barafu, ambayo iko juu ya mita 4,600, na ambako wageni hulala saa chache tu kabla ya kuamshwa kwenda kileleni, mita 5,895. Nilimkuta mzee ameketi juu ya jiwe, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, chai yenyewe imeshapoa bila kunywewa. Nikamwuliza hali. Akanitazama, akasema polepole, “I'm all in, lad.” Nilifurahi mno. Nilimpongeza, nikaenda mbio hadi kwenye hema la jikoni kumwambia kiongozi kwamba mzee yuko tayari kuliko vijana wote. Kiongozi hakunijibu. Alitoka, akamwomba mzee afunge kamba za viatu, nasi tukasimama tukiangalia vidole vikiitafuta kamba ile ile mara tatu bila kuipata. Ndipo akanigeukia akasema, “Dogo, huyu hajasema yuko tayari. Amesema amekwisha.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa Waingereza, hasa wa rika lake, mtu aliye “all in” ni mtu aliyechoka hoi, asiyebakiwa na nguvu hata ya kufunga kiatu. Mzee aliteremshwa jioni ile ile na mwongozaji mwingine akiwa na wapagazi wawili, na alipofika chini akapata nafuu. Mkwe wake alifika kileleni alfajiri. Maneno yalikuwa yale yale, na laiti ningaliachiwa mimi uamuzi, ningalimwamsha mzee saa tano usiku nimpeleke juu huku nikimsifu kwa ujasiri wake.

Maana anayoikusudia meneja wako ni ile ya mkwe, nayo imetoka katika mchezo wa karata uitwao poka. Mbele ya kila mchezaji huwa na vibao vidogo vinavyosimama badala ya fedha, na zamu yake ikifika anaweza kufuata dau la wenzake, kulipandisha, au kutupa karata na kujitoa. Akivisukuma vibao vyote alivyobakiwa navyo hadi katikati ya meza, huyo ndiye “all in”. Tangu hapo hawezi kuongeza kitu wala kukirudisha, na wenzake nao hawawezi kumtoa kwa kupandisha dau. Kazi yake ni kungoja karata zifunuliwe. Mchezo huu ulipata mashabiki wengi zaidi baada ya mwaka 2003, pale mhasibu Mmarekani, Chris Moneymaker, aliyepata nafasi yake kupitia mashindano madogo ya intaneti, aliposhinda dola milioni 2.5 huko Las Vegas. Jina hilo la mtengeneza fedha, kwa wanaoshangaa, ni la ukoo wake kweli.

Kwa hiyo usemi huu haupimi bidii. Unapima ulichobakiza nyuma, na jibu lake linapaswa kuwa hakuna. Hapo ndipo “tuko pamoja” inapopwaya, kwa sababu mtu anaweza kuwa pamoja nawe huku ameficha nusu ya vibao mfukoni. “Kujifunga kibwebwe” na “kulivalia njuga” jambo ni semi nzuri, ila zinaeleza mtu anayejiandaa kwa nguvu zote. Kibwebwe hufunguliwa na njuga huvuliwa ngoma ikiisha. “Kwa hali na mali” inakaribia zaidi, kwani inataja mtu mwenyewe pamoja na alichonacho, na katika barua ya kazi au hotuba ningeichagua hiyo bila kusita. “Kujitosa” ina ule mruko wa kwenda majini ambao hauna kurudi, nayo inafaa ukitaka kusema kwamba fulani ameacha ajira akaingia mzima mzima katika kilimo. Mtaani vijana husema “nimejilipua”, na wanaobeti husema “nimeweka mzigo wote”. Ukiniuliza mimi, hizi mbili za mtaani ndizo zinazoishika roho ya meza ya poka kuliko zote, kwa kuwa ndani yake mna hatari ya kubaki mikono mitupu, ingawa sikushauri umjibu meneja kwamba umejilipua.

Kuna matumizi mengine mawili ambayo nitayagusa tu. Mgeni akiandika kuuliza bei “all-in”, anataka bei iliyojumlisha kila kitu. Sisi hulazimika kumweleza mapema kwamba ada za hifadhi na chakula vimo, lakini tipu za wapagazi hazimo, maana jambo hilo limezua manung'uniko mengi siku ya kuagana. Na “all in all” ni kusema “kwa jumla”, haina uhusiano na dau wala uchovu.

Sasa turudi kikaoni kwenu. Kiingereza kinatenganisha “I'm in” na “I'm all in”. La kwanza ni kukubali kushiriki: nihesabuni, nitakuwepo. La pili ni kuusukuma mzigo wote mezani, na mara nyingi hufuatiwa na “on” na jina la jambo lenyewe, yaani mtu huwa “all in” juu ya mradi fulani au mpango fulani. Meneja asipolitaja jambo hilo, mwulize kwa heshima “On what, exactly?” kabla hamjaitikia. Na ikiwa baada ya kulitaja unaona uko tayari kushiriki lakini una watoto wa kuwahi nyumbani saa kumi na moja, “I'm in” ni jibu la adabu kabisa.