Dawa saa ngapi, kulala saa ngapi? Maswali yenu manne

Meseji zimejaa, leo nachukua nne tu, wengine msinune.

Dokta, mwezi wa tatu sasa silali bila piriton mbili. Kuna shida?

Kwanza mi sio dokta jamani, ni mfamasia, mnanipandisha cheo bure. Shida ipo. Piriton ni dawa ya aleji, usingizi ni maudhi yake tu, tena inakaa mwilini muda mrefu ndo maana asubuhi kichwa kizito na kwenye daladala unapitilizwa kituo. Halafu mwili unazoea, leo mbili kesho nne. Jioni unakunywa nini? Nauliza kwa sababu kuna kijana wa bodaboda alikuja dirishani kwangu na shida hiyohiyo, kumbe kila siku saa kumi na moja jioni anashushia kopo la enaji, sasa kafeini hiyo ikifika saa tano usiku karibu nusu yake bado inazunguka kwenye damu, hapo usingizi utatoka wapi? Kata hiyo ya jioni wiki mbili, simu ilale mbali na kitanda, na uamke saa ileile hata jumapili (najua, inauma). Ikigoma nenda kapimwe, hasa kama mwenzio anasema unakoroma mpaka pumzi inakatika.

Nimepewa mseto wa malaria, vidonge vinne mara mbili. Nimeanza saa mbili usiku, eti dozi ya pili ni baada ya masaa nane, ndo niamke saa kumi usiku?

Ndio, amka, tega alamu. Ni usiku mmoja tu. Dozi ya tatu unameza saa mbili usiku inayofuata, na kuanzia hapo ni kila masaa kumi na mbili mpaka vidonge 24 viishe, hata kama homa imekata siku ya pili. Na usimezee maji matupu, dawa hii inapenda mafuta, kunywa maziwa au kula hata karanga kidogo.

Nina mimba ya miezi mitano, vidonge vya damu namezea chai ya maziwa, sawa?

Hapana dada, chai inayazuia yale madini ya chuma yasiingie mwilini. Maji, au chungwa kabisa. Chai kaa nayo mbali kama masaa mawili hivi. Choo kikiwa cheusi usishtuke.

Mama ana presha, anameza Lasix kabla ya kulala, usiku anaamka mara tano kukojoa. Amepungukiwa nguvu?

Wala, Lasix ndo kazi yake hiyo, kutoa maji. Kwa kawaida tunaiweka asubuhi ili mtu alale, na mama mtu mzima kutoka gizani kwenda choo cha nje mara tano, siku ataanguka avunje nyonga. Ila usimhamishie saa wewe, wala asiache kumeza, kesho mpeleke kliniki na daftari lake na vidonge vyote, hata vile vya kwenye mfuko wa khanga.